Tulivyokata mabawa yaliyokuwa sahihi: kisa cha maketi ya C-47 Lubumbashi

Majina ya wahusika, mtaa na kampuni ya ndege iliyotajwa na familia tumeyaondoa. Vitabu vitatu vilivyotumika navyo havitajwi kwa majina. Vipimo vyote ni vile tulivyoviandika kwenye daftari la kazi.

Usuli

Sisi ni watu watano wa Lubumbashi tunaounganisha maketi za ndege, yaani ndege ndogo za plastiki zinazokuja vipande vipande ndani ya boksi. Tunakutana Jumamosi kwenye baraza la mwenzetu mmoja. Boksi huja kwa bahati: mtu akitoka Johannesburg, ndugu akirudi Brussels, shemeji anayevuka mpaka wa Kasumbalesa kila wiki. Vitabu ndiyo kabisa, vingi tunavyo ndani ya simu, kurasa zilizopigwa picha na mtu tusiyemjua.

Mama mmoja alitujia na ombi. Baba yake, mzee aliyepita miaka themanini, alikuwa fundi wa ndege kiwanja cha Luano katika miaka ya 1960. Mama huyo alitaka kumpa baba yake siku ya kuzaliwa ndege aliyoitengeneza ujanani: C-47, ile ndugu ya DC-3 ya abiria, iliyojengwa kwa ajili ya vita kisha ikaishia kubeba mizigo dunia nzima. Tukapatana dola 180, nusu mbele. Alitupa miezi miwili na sharti moja: mzee asijue chochote.

Sharti hilo tulilikubali bila kufikiri. Mtu pekee aliyewahi kuigusa ndege yenyewe tukawa tumemfungia nje ya kazi.

Tulichokuwa nacho mkononi

Kwanza, seti ya plastiki ya kipimo cha 1/72 (ndege halisi imepunguzwa mara 72), nzima, na maelekezo yake.

Pili, foto moja ya familia, nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja. Kijana amesimama mbele ya injini, nyuma yake unaonekana ubavu wa ndege, mstari mweusi unaopita chini ya madirisha, na mwanzo wa usajili: 9Q, alama ya ndege za Kongo, kisha bega la mtu limefunika herufi zilizobaki.

Tatu, vitabu. Tuviite kwa sura zake.

Kitabu kinene kilikuwa cha picha tupu. Kila foto ina maelezo chini yake, na nyingi zina mwaka na mahali.

Kitabu kizuri kilikuwa kurasa za simu. Michoro ya rangi ya ubavuni inang'aa kama kalenda, na kuna mchoro wa pande tatu, juu, ubavu na mbele, kwa kipimo cha 1/144, chini umeandikwa C-47.

Kitabu kibaya tulikipata kwenye vitabu vilivyotumika vinavyotandazwa kando ya barabara. Jalada halipo, hakuna rangi hata moja, kina majedwali ya vipimo tu, herufi ndogo kama mchele. Tulikilipia pesa kidogo tukakiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Si mfano wa maneno, kilikuwa chini ya meza kweli.

Mambo yalivyokwenda

Jumamosi ya kwanza tulipeleka mchoro wa kitabu kizuri kwenye sekretaria ya kupigisha kopi, tukauchapa kwenye karatasi ya A4. Urefu wa C-47 ni mita 19.43, kwa hiyo kwa 1/144 ulipaswa kuwa milimita 134.9. Rula ikasoma 131.5. Tulijua sababu: mashine ya kuchapa ukiiachia yenyewe hupunguza ukurasa ili kingo zote ziingie. Tukapiga hesabu, tukaukuza mchoro mpaka urefu ukawa sawasawa, kisha tukauzidisha mara mbili kufikia 1/72. Kazi safi, tukajisifu.

Tulipolaza mabawa ya plastiki juu ya mchoro, plastiki ilizidi. Upana wa mabawa ya seti ulikuwa milimita 404. Mchoro ulisema 397.

Hapo yakazuka mabishano ya saa nzima. Wanne tulisema kiwanda kimekosea. Kila mtu wa maketi anajua viwanda hukosea: pua nene, magurudumu madogo, mkia uliosimama vibaya. Mwenzetu wa tano, mdogo kuliko wote, alisema jambo moja tu: "Mbona urefu wa plastiki umelingana na mchoro, na upana ndio haukulingana? Tupime na upana wa mchoro peke yake, kabla hatujaukuza." Umeme ulikuwa umekatika, giza linaingia, na mwenye msumeno mdogo alikuwa tayari ameushika. Tulikata milimita tatu na nusu kila ncha ya bawa. Kwa ndege halisi hiyo ni sentimita 25 kila upande.

Jumamosi ya pili tulifika kwenye mlango. Seti ina mlango mkubwa wa mizigo upande wa kushoto, nyuma. Lakini kitabu kizuri kilikuwa na foto ya ukurasa mzima, ndege hiyohiyo katika kiwanja cha Afrika ya kati, watu wanapakia magunia, na mlango uko kulia. Foto si mchoro, tulisema, foto haisemi uongo. Tukapanga kuziba mlango wa kushoto kwa lipu ya plastiki na kuchonga mpya upande wa pili.

Bahati nzuri lipu ilikuwa imekauka ndani ya kopo. Wakati tunasubiri nyingine, yule mama alipita kuangalia kazi, akasikia habari ya mlango, akasita. Alisema baba yake ana kovu kwenye kidole lililotoka kwenye mlango wa ndege, na kila akilieleza hunyoosha mkono wake kushoto. Tukamwomba avunje sharti. Hakutaka. Mwishoni alitupeleka nyumbani kwa mzee kama vijana wanaotafuta historia ya kiwanja, jambo ambalo halikuwa uongo kabisa.

Mzee alitupokea vizuri, akaletewa kiti kivulini. Tulimwonyesha foto ya kitabu kwenye simu. Akaitazama kwa muda, akacheka.

"Hapana, bana yangu. Mulango ya mizigo ilikuwaka kushoto. Miye nilifungaka na hii mikono."

"Lakini Papa, kwenye foto iko kulia."

"Foto njo inageuka. Ndeke haiwezi kugeuka."

Alituambia na mengine. Mstari wa ubavuni ulikuwa mwekundu, akiugusagusa mwenyewe kwa brashi kila kiangazi. Na injini zilikuwa za silinda tisa.

Maamuzi, na kwa nini tuliyafanya

Uamuzi wa kwanza baada ya kurudi ulikuwa kusimamisha kazi. Hatukugusa plastiki kwa wiki mbili. Mama alikasirika kidogo, na alikuwa na haki.

Uamuzi wa pili: kuihoji ile foto ya kitabu kizuri kama shahidi. Kama imechapwa kinyume, ndani yake kuna kitu kitakachojisaliti. Herufi za usajili zingetosha, ila aliyepanga ukurasa alikuwa amekata mkia na ubavu wote wenye maandishi. Pembeni kulikuwa na lori, na usukani wake ulikuwa kulia. Mmoja wetu akapiga kofi: Kongo tunaendesha kulia, usukani huwa kushoto, basi foto imegeuzwa! Mwingine, aliyekulia karibu na mpaka, akamzima palepale. Katanga malori mengi yaliingia kutoka kusini, Rhodesia, ambako usukani ni wa kulia. Lori lile halithibitishi kitu.

Kilichotoa jibu ni mashati. Wapakiaji watatu wamevaa mashati ya kiume yenye mfuko mmoja wa kifuani. Mfuko huo hushonwa kushoto, na kwenye foto wote watatu ulikuwa kulia. Vifungo navyo vilikuwa upande usiofaa. Shati moja linaweza kushonwa kichwa chini miguu juu na fundi mlevi, lakini matatu? Foto ilichapwa kinyume. Hapo ndipo tulipokumbuka pia kwamba milango ya kulia ipo katika ukoo huu, baadhi ya DC-3 za abiria za mwanzo zilikuwa nayo, lakini mlango mpana wa mizigo wa C-47 uko kushoto.

Uamuzi wa tatu ulitoka kwa yule mdogo, ambaye safari hii alisikilizwa. Alikitoa kitabu kibaya chini ya mguu wa meza, akafungua jedwali. Lilikuwa na mistari miwili tofauti. DC-3: urefu mita 19.7, mabawa mita 29.0. C-47: urefu mita 19.43, mabawa mita 29.11. Tulikuwa tumeziona namba hizi zikitofautiana kitabu hadi kitabu, na siku zote tulisema, "Waandishi hawa hawajui kupima." Kumbe walikuwa wanapima ndege mbili. C-47 ina mkia uliokatwa ncha, mahali pa kufungia kamba ya kuvuta glaida (ndege isiyo na injini), ndiyo maana ni fupi. Mabawa yake yamezidi kidogo.

Kisha akafanya hesabu ambayo ingetuokoa tangu mwanzo. Gawanya upana wa mabawa kwa urefu wa ndege. Mashine ya kopi ikipunguza au ikikuza, jibu halibadiliki, kwa sababu vyote viwili vinapungua pamoja. Kwa C-47 jibu ni 1.498, karibu moja na nusu kamili. Kwa DC-3 ni 1.472. Kwenye chapa yetu mabawa yalikuwa milimita 193.6 na urefu 131.5. Jibu: 1.472.

Mchoro ulioandikwa C-47 ulikuwa wa DC-3. Nasi, kwa kuulazimisha urefu wa DC-3 uwe wa C-47, tulikuwa tumeyafupisha mabawa kwa mikono yetu kwenye karatasi, kisha tukayafupisha kwa msumeno kwenye plastiki. Baraza lilinyamaza. Mwenye msumeno aliondoka kwenda kununua maji.

Uamuzi wa nne ulihusu maneno ya mzee. Mlango alikuwa sahihi. Je, tumfuate kwa yote? Kuhusu injini tulikataa. C-47 ilifungwa Pratt & Whitney R-1830 yenye silinda 14 katika safu mbili. DC-3 zenye injini ya silinda tisa zilikuwepo kweli, zile za Wright Cyclone, hivyo hatukuweza kumpuuza. Lakini kwenye foto ya familia, injini iliyo nyuma ya bega la kijana inaonyesha vichwa vya silinda vya safu ya nyuma vikichungulia kati ya vile vya mbele. Tuliporudi kumuuliza kwa upole, alisema alifanya kazi pia kwenye Beech 18, ndege ndogo zaidi, ambayo injini yake ina silinda tisa. Kumbukumbu mbili zimelala kitanda kimoja.

Kuhusu mstari mwekundu tulimfuata. Kitabu kizuri kilikuwa na mchoro wa rangi wa ndege ya kampuni hiyohiyo, mstari wa buluu nzito. Tulijiuliza mchoraji aliipata wapi buluu. Kitabu kinene kilikuwa na foto ya ndege hiyo, nyeusi na nyeupe, kwa pembe ileile na kivuli kilekile chini ya bawa: mchoraji alichora kutokana nayo. Nyekundu iliyoiva na buluu nzito, katika foto ya namna hiyo, hutoka kijivu kimoja. Mchoraji alikisia, mzee alishika brashi.

Matokeo

Ncha moja ya bawa ilipatikana ndani ya boksi la takataka. Ya pili ilipotea. Tuliijenga upya kwa tabaka za kadi ya zamani ya benki, lipu na msasa, na mpaka leo ukiishika ndege ile kwenye mwanga utaona bawa la kulia limenenepa kidogo mwishoni. Mkia tuliuacha umekatwa ncha, kama seti ilivyokuja, ingawa C-47 nyingi zilipoingia kazi za kiraia zilibadilishwa hiki na kile, na foto ya familia haionyeshi mkia. Usajili tuliandika 9Q na kuuficha mwendelezo wake nyuma ya ngazi ndogo ya fundi tuliyoitengeneza kwa waya. Ni ujanja, lakini ulikuwa bora kuliko kubuni herufi tatu.

Tulikabidhi wiki tatu baada ya siku ya kuzaliwa. Tulilipwa yote, na mama alituambia wazi kwamba angetafuta watu wengine kama wangekuwepo. Mzee aliigeuza, akautia kidole mlango wa kushoto, akatazama chini ya injini. "Iko safi sana," alisema. "Zetu zilikuwaka zinavuja mafuta." Tuliichukua tena nyumbani, tukaipaka michirizi ya mafuta meusi nyuma ya kila injini, tukamrudishia.

Uchambuzi

Kosa kubwa halikuwa la kitabu peke yake, na hili nalisema kwa sababu tulipomaliza, kila mmoja alikuwa na hamu ya kukilaumu. Kitabu kizuri kilikosea mara mbili: jina chini ya mchoro na foto iliyogeuzwa. Lakini upungufu wa asilimia 4 kwenye karatasi ulikuwa wetu na wa mashine ya kopi. Makosa mawili yalikutana yakafichana. Laiti mchoro ungechapwa kwa ukubwa wake, tungepata urefu wa milimita 136.8, tungeshtuka kwamba umezidi, na pengine tungeuliza kwa nini. Kwa kuwa ulitoka mfupi, tulikuwa na maelezo tayari mfukoni, na mtu mwenye maelezo tayari haulizi.

Sababu ya kukiamini ilikuwa uzuri wake. Mistari ya mchoro ilikuwa myembamba, kila ribiti, yaani kila msumari unaoshika mabati ya ndege, imewekwa. Ribiti elfu moja haziwezi kukuambia kama aliyechora alipima ndege au alinakili mchoro wa mwenziwe. Tangu siku hiyo, kitabu kikiingia barazani hatukiulizi kama ni kizuri, tunakiuliza kila ukurasa umesimama juu ya nini. Jedwali limetoka wapi. Mchoro unalingana na jedwali la kitabu kilekile? Utashangaa mara ngapi haulingani.

Maelezo ya chini ya foto ndiyo sehemu tunayoipenda sasa, na hapa mtu wa Lubumbashi ana faida kuliko msomaji wa mbali, maana historia ya majina yetu ni rula. Ndege iliyosajiliwa hapa wakati wa Wabelgiji ilianza na OO-C. Baada ya uhuru ikaja 9O, na muda mfupi baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikawa 9Q. Kwa hiyo foto yenye 9Q iliyoandikwa "1960" ina tatizo. Air Congo ilianzishwa mwaka 1961, na Air Zaïre haiwezi kuwepo kabla nchi haijaitwa Zaïre mwaka 1971. Maelezo yanayosema "Lubumbashi, 1961" yaliandikwa na mtu baadaye, kwa sababu mwaka huo mji uliitwa Élisabethville na jina la sasa likaja 1966. Hilo halifanyi foto kuwa ya uongo. Linaonyesha tu kwamba aliyeandika hakuwa na bahasha ya mpiga picha mkononi. Kitabu kinene kilipita majaribio haya karibu kote. Kizuri kilianguka mara tatu katika kurasa kumi.

Ushahidi wa mzee ulifanya kazi pale mwili wake ulipohusika: kidole na mlango, mkono na brashi. Idadi ya silinda ilikuwa jambo la kuhesabu, na kwenye kuhesabu alichanganya ndege mbili. Wazee wa hapa watakusimulia Fouga Magister, ndege ndogo za jeti za Katanga ilipojitenga, zikijaza anga, wakati zilizoletwa Februari 1961 zilikuwa tatu, na mapigano ya Septemba mwaka huo yalipoanza ni moja tu iliyokuwa ikiruka. Sauti yake waliisikia sawasawa. Hesabu ndiyo iliyoongezeka.

Kuhusu sharti la kumficha mzee, nadhani tungelikataa siku ya kwanza, au tungeomba ile hila ya "vijana wa historia" mapema. Mwenzetu mmoja bado hakubaliani: anasema zawadi ni ya mteja, si yetu. Hatujalimaliza.

Kitabu kibaya kimehamia rafuni, na mguu wa meza umewekewa tofali. Kile kizuri bado tunacho ndani ya simu, na chapa yake tumeigandisha ukutani kwa sababu kwa DC-3 mchoro ule ni mzuri kwelikweli. Neno C-47 limekatwa kwa kalamu ya risasi, juu yake yule mdogo ameandika "DC-3", na pembeni, kwa herufi ndogo: "kopi imepungua asilimia 4".